Nyama ya Kusaga na Amana ya Mchomaji

Baga, yaani kidonge bapa cha nyama ya kusaga kinachochomwa juu ya makaa na kuliwa ndani ya mkate, huzua swali ambalo mshikaki hauzui: mlaji atajuaje anachokila? Kipande cha mshikaki hujieleza chenyewe kwa nyuzi na mafuta yake, ilhali mashine huchanganya paja na ubavu, pengine hata wanyama wawili tofauti, mpaka ushahidi wote ukapotea.

Swali hili ni zito Masasi, ambako Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwafikisha watumwa walioachwa huru mwaka 1876, na Newala, iliyo ukingoni mwa uwanda wa Makonde juu ya bonde la Ruvuma, kwa kuwa huko Mwislamu na Mkristo wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, na jando, yaani unyago wa wavulana, huwakutanisha kwenye sinia moja. Desturi, huko kama kwingineko Tanzania, imemwachia Mwislamu kisu, ili nyama isiwe kibudu, yaani ya mnyama asiyechinjwa kisheria, na pasiwe na mgeni wa kukaa kando. Hata hivyo, mzozo wa uchinjaji wa mwaka 2013 mkoani Geita ulionyesha kwamba si kila Mkristo anaridhia.

Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza, ila akawazuia pale mtu anapotamka kwamba nyama hiyo ni sadaka ya sanamu. Fikihi nayo, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, haimhesabii dhambi aliyekula haramu bila kujua. Hivyo mlaji hupunguziwa mzigo, lakini mzigo wenyewe hauyeyuki, bali humwangukia mwenye jiko.

Moto nao una hoja kama hiyo. Vijidudu, ambavyo katika pande zima hukaa zaidi juu, huingizwa na mashine hadi ndani, kwa hiyo kidonge sharti kiive mpaka kati, kufikia nyuzi joto 71 za Selsiasi, na mafuta yakiwa kama sehemu moja kwa tano hakitakauka. Chumvi ikikandwa mapema hunatisha nyama ikawa ngumu kama soseji, hivyo hunyunyizwa juu tu, kidonge kikienda wavuni. Mafuta yakidondokea makaa, moshi huwafikia wageni wote sawasawa. Aliyesimama buchani mashine ikifunguliwa na kuoshwa ni mmoja tu.