Mkoba Mkuukuu, Sura Mpya

Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Tengeru, mikoba ya mitumba hutandazwa juu ya turubai, si mbali na barabara kuu ya Arusha hadi Moshi wala na ndizi zilizoteremshwa kutoka mashamba ya Meru. Mingine, kabla ya kufika hapo, hupitia kwanza nyumbani kwa mtu: inafutwa vumbi, inapakwa krimu, inashonwa mshikio, inarudishiwa rangi. Kazi hiyo ni ya halali, na anayeiweza anastahili malipo yake. Swali linalonishughulisha ni jembamba zaidi, nalo ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi: ni wakati gani kuutengeneza mkoba kunageuka kuwa kumdanganya mtu?

Jibu jepesi ni kwamba mpaka uko kwenye vifaa, yaani krimu ni matunzo na rangi ni ulaghai. Kazi yenyewe inalikataa jibu hilo. Ngozi laini iliyokauka hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, ikaachwa ikauke kivulini kwa sababu jua kali huikakamaza na kuipasua, kisha hulishwa krimu ya ngozi kidogo kidogo mpaka inywe. Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini kama mahameli, haitaki mafuta ya aina yoyote. Inataka brashi kavu, kifutio cha penseli pale palipong'aa kwa uchafu wa mikono, na mvuke wa birika kwa mbali ili vinyweleo vilivyolala visimame. (Anayeipaka swedi Vaseline ameshaiharibu, na hakuna brashi itakayoiokoa.) Yote haya ni matunzo. Lakini krimu yenye rangi huziba nyufa, na kifutio hicho hicho kinaweza kuondoa alama ya maji ambayo ingemwonya mnunuzi kwamba mkoba uliwahi kulowa. Upande wa pili, rangi iliyopakwa kwenye pembe zilizochubuka haimdhuru mteja aliyeambiwa. Kwa hiyo mpaka hauko ndani ya kopo. Uko kati ya watu wawili, mmoja anayejua jambo kuhusu mkoba na mwingine anayetaka kutoa fedha bila kulijua.

Ndiyo maana anayeufufua mkoba wake mwenyewe na kwenda nao ibadani hadaiwi maelezo na yeyote. Wapo watakaosema kwamba naye anawadanganya wanaomtazama, kwa kuwa anaonekana ana kitu kipya. Siwafuati huko. Anayekutazama barabarani hajakulipa wala hajakuuliza, na umri wa mkoba wako si mali yake. Deni la ukweli huzaliwa pale bei inapotajwa.

Mzozo huu ni wa kale. Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anawashindanisha Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Diogenes anatetea kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Antipater anaona hilo ni baya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, maana hapa unamwacha apotee kwa faida yako. Cicero anaegemea kwa Antipater. Katika karne ya 13 Thomas wa Akwino aliongeza tofauti yenye manufaa makubwa: kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza maadamu bei imeshuka ipasavyo, iliyofichika ni lazima aiseme. Katika Uislamu kuna hadithi mashuhuri ya Mtume kuingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini. Mwenye mali alieleza kwamba ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutokiweka kilicholowa juu, watu wakione. Kwangu hii ndiyo hoja iliyo karibu zaidi na mkoba, kwa sababu muuzaji wa mtumba naye hakuuchakaza. Lawama haiwezi kuwa juu ya uchakavu, ila juu ya mpangilio unaouweka chini ya rundo.

Pingamizi lenye nguvu linatoka sokoni kwenyewe: mtumba ni mtumba, kila mtu anajua amenunua kilichokwisha kutumika, kwa hiyo nani anadanganywa? Ni kweli kwamba umri wa mkoba hauna haja ya tangazo. Lakini mteja anayejua kwamba kitu ni cha zamani hajui kimeharibika wapi. Ngozi ya plastiki hunyonywa nguvu na unyevunyevu wa hewa hata ikiwa kabatini, na siku moja huanza kubanduka magamba. Krimu haiwezi kuirudisha. Rangi huyashikilia magamba kwa muda mfupi tu, na ugonjwa unabaki pale pale. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ambayo imefuata mkondo wa sheria ya Uingereza ya 1893, inasema aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha. Mtu anaweza kuitumia kama kinga. Mimi naona inambana muuzaji: ukaguzi una uzito huo kwa sababu macho na vidole vya mnunuzi vinaaminiwa kuona, na rangi nzito huvipofusha.

Kuna jambo zito kuliko bei. Ngozi ya nguruwe hutumika sana katika mikoba ya nje, hasa ya swedi na bitana zake. Wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi kati ya Waislamu wa Sunni wa Afrika Mashariki, hushika kwamba ngozi ya mnyama aliyekufa ikishadabighiwa hutoharika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Kwenye ngozi laini, nguruwe hujitambulisha kwa vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu. Mwanamke anayekwenda msikitini na mkoba wake begani anayo haki ya kuvitafuta vitundu hivyo. Anayeziba uso wa ngozi kwa kijazio na rangi nene, hata bila nia mbaya, amemnyang'anya ushahidi wa jambo la ibada yake, na punguzo la shilingi elfu mbili halimrudishii. Hapa nadhani hata Diogenes angepata taabu.

Pingamizi jingine ni la kitaifa. Februari 2015, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Nairobi walielekeza njia zitafutwe za kusitisha uingizaji wa nguo, viatu na bidhaa nyingine za ngozi zilizotumika, ili viwanda vya kanda vipumue. Baada ya shinikizo la Marekani, azma hiyo ililegea. Kwa mtazamo huo, kuufufua mkoba wa mtumba ni kukitia uhai kile kinachowanyima soko mafundi wetu. Hoja ina uzito, lakini ni ya sera ya biashara. Haimwondolei muuzaji wajibu wake kwa mteja aliyesimama mbele yake, na ingemhusu vilevile fundi anayeurekebisha mkoba ulioshonwa hapa hapa.

Njia ya kutoka wanayo wahifadhi wa sanaa. Cesare Brandi, katika kitabu chake cha nadharia ya ukarabati cha 1963, alitaka sehemu iliyotengenezwa isisumbue jicho la anayetazama kwa mbali, lakini itambulike kwa anayesogea karibu. Kwa mkoba hilo ni rahisi: acha ukanda mdogo chini ya kifuniko bila kijazio wala rangi, usibadilishe bitana ili kuficha upande wa nyuma wa ngozi, na mteja akiuliza, mfungulie. Kinachobaki ni maneno machache ya gulioni: pembe hizi nimezipaka rangi, mshikio ni mpya, ndani sijagusa. Muuzaji atasemwa kwamba anajiharibia biashara, na huenda kweli mteja akaomba apunguziwe. Basi ampunguzie, maana fedha hiyo ilikuwa bei ya kutojua kwa mteja, na hakuna kazi ya mikono iliyoizalisha. Ya brashi, krimu na sindano aidai yote bila haya.