Haki ya Mtazamaji

Ukimuuliza mtu siku hizi ni mchezo gani anaoupenda, atakutajia timu. Atasema yeye ni Simba, au Yanga, au atataja timu ya Uingereza ambayo mji wake hajawahi kuuona. Ukimuuliza tena, "Na wewe mwenyewe unacheza nini?" atacheka kana kwamba umemtania. Ndugu msomaji, mimi naona swali lile la kwanza lina maswali mawili ndani yake: ni mchezo gani unapenda kuucheza, na ni mchezo gani unapenda kuutazama? Majibu yanaweza kuwa tofauti kabisa. Na kati ya majibu hayo mawili limekaa swali la tatu, ambalo ndilo ninalotaka tulifikiri pamoja: anayetazama ana haki gani ya kumhukumu anayecheza?

Nianze na majibu yangu. Kucheza, nilipenda kandanda. Kutazama, napenda riadha, hasa mbio ndefu. Katika kazi ya ualimu niliyoifanya hadi kustaafu, michezo haikuwa jambo la pembeni. Chuoni tulifundishwa kuandaa somo la hesabu, na tulifundishwa pia kupima uwanja wa netiboli kwa kamba na kuchora mistari kwa majivu. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za mstari: ndani nikikimbia, na nje nikiwa na filimbi au nikiwa nimekunja mikono tu.

Mpira wetu wa utotoni hapa Nyakisasa tuliutengeneza kwa majani makavu ya mgomba na kamba. Mchezo wa namna hiyo, usio na sare wala kanuni za vitabuni, wengi huuita chandimu. Goli lilikuwa mawe mawili. Hapakuwa na refa, wala mwamba wa juu. Mpira ukipita juu ya kichwa cha golikipa, ilibidi tukubaliane wenyewe kama ni goli au si goli. Golikipa mfupi alidai kila mpira umepaa. Tulibishana naye, lakini hatukuweza kumkatalia kila mara, kwa sababu angekasirika akaenda kwao, na akienda kwao mchezo umekwisha. Hivyo tulijifunza, kabla hata ya kujua kusoma vizuri, kwamba mpinzani ndiye anayekuwezesha kucheza. Ukimwonea hadi akaondoka, hujashinda kitu. Umebaki na mawe yako mawili.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Zamani nilidhani methali hii ni ya kumliwaza aliyefungwa. Siku hizi naiona kuwa inaeleza mchezo wenyewe ni nini. Kuingia uwanjani ni kutoa ruhusa ya kushindwa mbele za watu. Asiyetoa ruhusa hiyo hajaingia, hata kama amevaa sare.

Mfano mzuri ni ule wa Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Watanzania tuliikumbuka namba hiyo, na ni haki yetu. Lakini aliyekuwa nyuma yake, John Walker wa New Zealand, alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, na yeye pia alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, iliyodumu tangu mwaka 1967. Aliyeshindwa naye alikimbia kuliko binadamu yeyote kabla ya siku ile, ila mmoja. Je, Bayi angekimbia vile kama nyuma yake hapakuwa na vishindo vya Walker? Mimi nadhani rekodi ile waliijenga wawili, ingawa liliandikwa jina moja.

Mwaka 1976 wawili hao walitazamiwa kukutana tena kwenye Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500. Mimi naamini kususia kule kulikuwa haki. Kuna mambo makubwa kuliko mchezo. Lakini tupime nani alilipa. Sisi watazamaji tulipoteza habari moja nzuri ya kusikiliza redioni. Mkimbiaji alipoteza miaka yake bora ya miguu, na miaka ya miguu hairudi. Miaka minne baadaye, Moscow mwaka 1980, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 Tanzania ilikuwa haijapata nyingine. Kila ninapomsikia mtu akilaumu kwamba wanariadha wetu hawana uchungu na nchi, nakumbuka kwamba wapo waliotoa kwa ajili ya msimamo wa nchi kitu ambacho sisi wenye kulaumu hatukuwa nacho hata cha kutoa.

Pengine msomaji ataona kwamba nataka kusema kutazama ni kazi ya wavivu. La hasha. Kutazama kuna heshima yake, na ushahidi wangu ni mbio nyingine, za John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni katika Olimpiki ya Mexico City, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji 75 walianza. Akhwari alianguka njiani katika msongamano, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha kuzama, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa na maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu, ilimtuma amalize.

Habari hii husimuliwa sana, na kila msimulizi humtazama Akhwari. Mimi huwafikiria pia wale watu elfu chache waliokuwa bado wamekaa uwanjani. Wengi walikwisha ondoka. Mshindi alikwisha julikana, medali zilikwisha tolewa, hapakuwa na jambo la kungoja. Hao wachache walibaki, wakamwona, wakampigia makofi. Mtazamaji kwa maana yake njema ni huyo. Ni shahidi. Hakimbii wala haumii, lakini anahakikisha kwamba jambo lililotendwa halikutendwa gizani bila mtu wa kulisema. Akhwari angemaliza hata kama uwanja ungekuwa mtupu, lakini sisi wengine tungekosa somo.

Basi, ikiwa mtazamaji ni shahidi, nini humwondoa katika ushahidi na kumgeuza kuwa mwonevu? Nitasimulia kisa kimoja. Mwaka mmoja shule yetu ilicheza na shule jirani. Golikipa wetu, mtoto wa darasa la sita, aliachia mpira mwepesi ukapita katikati ya miguu yake. Tukafungwa moja bila. Watu wazima waliokuwa pembeni walimzomea. Mmoja alipaza sauti kwamba mtoto ameuza mechi. Kuuza mechi! Mtoto ambaye daftari lake la sayansi alikuwa akishirikiana na dada yake. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini.

Sikuitisha mkutano, wala sikuhutubia mtu. Jumamosi moja, watu wale wale walipokuja kutazama mazoezi, niliwaomba wazee na vijana waliozomea wasimame golini, mmoja mmoja, wapigiwe penalti tano na watoto. Walikubali kwa kicheko. Wa kwanza alifungwa zote tano, ya mwisho akiwa amekaa chini. Wa tatu alidaka moja, akashangilia kama aliyechukua kombe. Hakuna aliyeumia isipokuwa suruali moja. Lakini tangu siku ile kelele za pembeni zilibadilika. Walipiga kelele bado, maana mpira bila kelele ni mazishi, ila neno la kuuza mechi halikusikika tena. Golikipa alirudi baada ya wiki mbili. Wenzake ndio waliomfuata nyumbani.

Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi katika miaka hii ya kubeti. Tazama ndani ya kibanda umiza siku ya Jumamosi. Vijana wamebanana kwenye mabenchi, macho kwenye televisheni, na wengi wana mkeka mfukoni au kwenye simu. Simlaumu kijana kwa kutafuta riziki. Najua kazi zilivyo adimu. Nasema tu kwamba pesa hubadilisha jicho. Aliyeweka shilingi elfu mbili juu ya mguu wa mtu mwingine hatazami tena mchezo; anatazama deni lake linavyolipwa au lisivyolipwa. Mchezaji akikosa goli, anatukanwa kama mdaiwa aliyetoroka. Na pasi nzuri ya timu pinzani haimfurahishi, kwa sababu inamgharimu. Shahidi amekuwa mdai, na mdai hawezi kusema kweli juu ya mdaiwa wake.

Hapa kuna pingamizi ambalo sina budi kulijibu. Msomaji anaweza kusema: "Mwalimu, kwa hiyo asiyewahi kucheza anyamaze? Na mlemavu? Na mama ambaye utotoni alipelekwa mtoni wakati kaka zake wakipelekwa uwanjani?" Ni pingamizi la haki. Wasichana wengi wa rika langu walinyimwa mchezo kwa sababu kuni zilikuwa hazijaletwa, na kama ningekuwa na uwezo ningewarudishia saa zile.

Lakini nimeona pia jambo lingine. Niliwahi kuwasimulia akina mama wa hapa kijijini habari za Akhwari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini hakuacha. Wao wanajua. Aliyelima mlima wa mawe hadi jioni akiwa na mtoto mgongoni haelezwi maana ya kumaliza. Vijana ndio waliouliza, "Sasa alipata nini?" Hivyo nimeona kwamba si lazima mtu awe amecheza mpira ndipo awe mtazamaji mwema. Inatosha awe amewahi kujaribu jambo gumu kwa viungo vyake mwenyewe, mbele za watu, na kulishindwa au kukaribia kulishindwa. Jasho la namna hiyo humfanya mtu awe mpole wa ulimi. Ninayemwogopa ni yule ambaye hajawahi kujaribu kitu chochote, na ambaye ana maoni juu ya kila kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la haki ni hili. Mtazamaji anayo haki ya kusema kwamba mpira ule ulikuwa wa kudakwa, au kwamba mkimbiaji alichelewa kuongeza kasi. Hiyo ni haki ya macho. Kumwita aliyeshindwa msaliti, mvivu au mwuza mechi ni kuhukumu moyo, na haki hiyo haipatikani kwa kununua tiketi, wala kwa kuweka mkeka, wala kwa kuipenda timu tangu enzi za baba yako.

Magoti yangu sasa hayaniruhusu kucheza chochote kipitacho bao, na hata kwenye bao watazamaji wananifundisha namna ya kucheza kila ninapoinua kete. Nawavumilia. Watoto wa shule bado wanafanya mashindano ya mbio, na mara nyingine hualikwa wazee tukae kwenye viti vya mbele. Watu hushangilia watatu wa kwanza, kisha huanza kutafuta soda. Mimi hubaki nimekaa. Kuna mtoto bado anakuja kule nyuma, kapotea kidogo kwenye vumbi, na ningependa akifika akute mtu anamtazama.