Miguu ya Nyuma

Somo: 1 Wakorintho 12:12–26



Krismasi inapokaribia na baridi inapokaza Uingereza, vikundi vya muziki vya miji midogo na vijiji huandaa mchezo wa jukwaani uitwao pantomimu. Ni mchezo wa familia nzima, wenye nyimbo, ngoma na vichekesho. Hadithi ni zile ambazo watoto wa huko husimuliwa tangu utotoni: Cinderella, Aladdin, Jack na mharage wake uliopanda hadi mawinguni. Mwanamume mzima huvaa gauni akawa mama mtu mzima, na watoto ukumbini hupaza sauti kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake. Babu na mjukuu hucheka jambo lilelile kwa wakati uleule.

Wanaoigiza hawalipwi. Mchana ni walimu, wauguzi, madereva na mafundi bomba. Jioni hukutana kwa mazoezi, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa au wa shule. Utumishi huu wa hiari si wa jana: mwaka 1899 vikundi vya aina hii vilikwisha kuunda chama chao cha kitaifa.

Katika hadithi ya Jack yumo ng'ombe, mali pekee ya mama mjane. Jukwaani ng'ombe huyo ni watu wawili ndani ya ngozi moja. Wa mbele huona kupitia tundu dogo, hutikisa kichwa, na watoto humshangilia. Wa nyuma ameinama, ameshika kiuno cha mwenzake, haoni kitu, jasho linamtoka. Hakuna anayeuona uso wake wala kumpigia makofi kwa jina. Lakini akisimama, ng'ombe anakatika vipande viwili.

Mtume Paulo naye alilifananisha kanisa na mwili mmoja wenye viungo vingi, alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombania karama. Wenye vipawa vya kuonekana walijiona wakubwa, na wengine wakaanza kujihesabu kuwa si wa mwili. Paulo hakuwaambia wenye nguvu wawavumilie wanyonge. Alisema zaidi ya hapo: viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo visivyoweza kukosekana, na Mungu mwenyewe amevipa heshima iliyozidi.

Tujiulize basi, katika usharika wetu miguu ya nyuma ni nani? Ni mama anayedeki kanisa Jumamosi, sisi tukiwa sokoni. Ni kijana anayebeba spika kabla ya ibada na kuzirudisha stoo wakati sisi tunasalimiana nje. Ni mzee anayewatembelea wagonjwa bila kutangaza. Siku za sikukuu tunaishukuru kwaya na mhubiri, na ni haki yao. Hawa wengine tunawakumbuka siku wakiugua, ndoo ikiwa kavu na mlango umefungwa.

Kwetu tulio mbele, neno ni hili: anayeona njia ana deni kwa asiyeiona. Wa mbele akikimbia apendavyo, ngozi inachanika. Viongozi, tunawaeleza wenzetu tunakokwenda, au tunawavuta tu? Tunakwenda kwa mwendo ambao wa nyuma anaweza kuufuata?

Kwenu mlio nyuma: msipime utumishi wenu kwa makofi. Bwana anawaona. Lakini nisilitumie neno hili kuwafunga watu walewale wabaki wameinama miaka yote. Mgongo ulioinama muda mrefu huuma, na upendo ni kupokezana.

Joseph Grimaldi aliichekesha London katika pantomimu za mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1828, hata miaka 50 hajatimiza, aliwaaga watazamaji wake akiwa ameketi kitini, maana miguu haikumbeba tena. Mwili wake ndio uliolipa gharama ya vicheko vyao. Hata leo, kila Februari, wachekeshaji hukusanyika kanisani mashariki mwa London, wamevaa maleba na kujipaka rangi usoni, kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni vema kanisa liukumbuke mwili uliochoka. Ni vema zaidi tuushike mkono kabla haujaanguka, kwa maana Paulo anatufundisha kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni ya wote.

Wiki hii, mtafute mtu mmoja ambaye kazi yake huitambui mpaka ikosekane. Mwite kwa jina, mshukuru, kisha umuulize ni siku gani ungeshika nafasi yake ili apumzike. Akikutajia siku, nenda.

Tuombe: Ee Bwana uliyewaosha wanafunzi wako miguu, tufungue macho tuwaone wanaotubeba. Wape nguvu waliochoka, nasi utupe moyo wa kupokea mzigo. Amina.