Je, Ni Vema Fundi Kujiuza kwa Bei ya Chini?



Tumeulizwa mara nyingi baada ya ibada: fundi mwenye kujua kazi yake akikubali kulipwa nusu ya bei, je, anakosea mutu? Wengi wanajibu upesi: mukono ni wake, jasho ni lake. Zamani sisi pia tulijibu vile. Leo tunaona jibu hilo halitoshi.

Tutwae mufano wa hapa kwetu Katanga. Wazee wanakumbuka Gécamines ya mwaka 1986, ilipotoa shaba karibu tani 476.000. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30.000 tu. Mishahara ilichelewa, miezi ikapandana. Kisha, katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ule mupango ulioitwa kuondoka kwa hiari, Benki ya Dunia ikisaidia kwa feza. Kati yao walikuwa mafundi wa umeme, wa mashini, wa kuunganisha chuma, wengine wenye miaka 25 ya kazi.

Feza ile haikukaa. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zikajaa mafundi wakubwa wakibisha milango, kila mumoja na sanduku lake la vyombo, wakikubali chochote. Hatuwahukumu hata kidogo. Mutoto akilia njaa, nani atakaa kuhesabu bei ya haki? Lakini bei ile ya njaa haikuondoka pamoja na njaa. Mapatroni waliizoea. Vijana waliotoka shule ya ufundi na diploma mukononi wakakuta ndiyo bei ya kazi. Sisi tulikuwa kati ya vijana wale.

Hapa tutaungama jambo moja, kwani si vizuri kuandika makosa ya wengine tu. Muchuuzi mumoja alijenga nyumba. Fundi mukubwa, ndugu wa ibada yetu, alimwandikia devi ya dola 400 kwa kutia umeme, kazi na vyombo pamoja. Sisi tulisema 150. Tulicheka moyoni. Tulipofika sokoni tukaona feza haitoshi. Prizi zinahitaji waya wa 2,5, zaidi sana katika muji huu ambamo mama wengi wanapika kwa reshu ya umeme. Tukatia waya wa 1,5, ule wa taa. Waya wa kushuka katika udongo tukauacha, kwani haukuonekana. Taa ziliwaka, patroni akatusifu. Baada ya miezi michache prizi ya jikoni iliyeyuka na ukuta ukawa mweusi. Kwa neema ya Mungu watoto walikuwa inje. Zile dola 250 hatukumupunguzia patroni hata kidogo. Tulizitoa katika waya.

Kuna jambo lingine tuliochelewa kuliona. Fundi yule wa 400 alikuwa na vijana wawili waliojifunza kwake. Bei yake ilibeba chakula chao, muda wa kuwafundisha, na chombo cha kupima umeme. Kila mara mutu alipomwambia “mwingine anafanya kwa 150,” alipoteza kazi ao alishusha. Kijana mumoja akaenda kuendesha pikipiki ya watu. Wa pili akaenda kuchimba. Leo tukitafuta mutu wa kukagua umeme vizuri tunazunguka muji wote, na tunasema vijana wa siku hizi ni wavivu!

Mambo ni vile hata katika kazi kubwa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliwekea kampuni zenye mali ya Wakongomani kazi zile ambazo kampuni kubwa zinagawa. Ni sheria njema. Lakini kampuni hizo zikishindana kwa kushusha bei tu, wa kwanza kukatwa ni fundi.

Mutu atasema: na mutume Paulo, hakukataa malipo kule Korinto? Ni kweli. Lakini musome vizuri: alionyesha kwanza kwamba alikuwa na haki ya kupokea, kisha akaiacha. Tena alikula kwa kazi yake ya kushona hema. Watu walijua kwamba amewapa zawadi. Mujane akituita, tumwambie wazi: kazi hii ni dola 60, tunakusamehe yote. Hapo bei ya wandugu mafundi inabaki nzima. Lakini kumufanyia tajiri kwa nusu, kwa siri, ili ndugu akose kazi, hiyo ni zawadi gani?

Na kanisa lisijitoe katika neno hili. Tunamwita mwashi, tunamwambia ni kazi ya Mungu, tunamupa sahani ya bukari na baraka. Kesho yake muumini anamwita nyumbani kwake na kudai bei ile ile ya kanisa. Tumeliona hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda kuandika. Kwa kazi ya mabati ya hekalu tumeomba wazee kwamba karatasi iandikwe bei kamili ya kila fundi, na pembeni yake kile alichokitoa kwa mapenzi yake. Bado hawajajibu.

Fundi yule wa 400 tulimwendea nyumbani kuomba samahani. Hakutaka maneno mengi. Alituuliza tu kama waya ule tuliubadilisha. Tuliubadilisha, kwa feza yetu wenyewe, siku tatu za kazi.