Shahidi Aliyeona Peke Yake

Soma Kumbukumbu la Torati 19:15. Wako bata bukini wenye uso mweupe wanaozaliana Greenland na kukaa Scotland na Ireland majira ya baridi. Mara chache mmoja huonekana Amerika ya Kaskazini, na kwa miaka mingi aliyetoa habari hiyo aliambiwa kwamba huyo ametoroka kwa mfugaji. Wakati mwingine ilikuwa kweli. Lakini wachache walipatikana na pete mguuni, walizovishwa Scotland.

Je, waliomtilia shaka shahidi mkweli walimkosea? La, kwa kuwa Musa naye alitaka mashahidi wawili au watatu. Kosa huanza pete inapoletwa na mtu akakataa kuitazama. Tomaso, angalau, alipoonyeshwa aliamini (Yohana 20:24-29). Ni nani kanisani kwenu ambaye ushahidi wake haujasikilizwa bado?