Mauzo Yasiyohamisha Milki: Maadili ya Makufuli katika Michezo ya Kompyuta

Mjadala kuhusu makufuli ya kidijitali katika michezo ya kompyuta umezoea kuanzia kwa mwizi, yaani mtu anayenakili bila kulipa, ilhali swali zito zaidi la kimaadili linamhusu mtu aliyelipa: baada ya kutoa fedha yake, amemiliki nini? Michezo mingi inayouzwa leo ni programu miliki, yaani programu ambayo msimbo wake, maelekezo yaliyoandikwa na watunzi kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, hubaki siri ya kampuni, huku mnunuzi akipewa leseni, ambayo ni ruhusa ya kutumia kwa masharti. Juu ya leseni hiyo huongezwa kufuli, sehemu ya programu inayohakiki uhalali wa nakala, mara nyingi kwa kuwasiliana na seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, na isipojibiwa huzuia mchezo usifunguke.

Haki ya mtunzi haifai kupuuzwa. John Locke, katika risala yake ya pili kuhusu serikali iliyochapishwa mwaka 1689, alijenga hoja kwamba mtu humiliki kile alichokitia kazi yake, na mchezo mkubwa wa leo ni kazi ya mamia ya watu kwa miaka kadhaa. Vilevile Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwaka 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya mali na haijuzu kuzivunja. Kwa hiyo hoja ya kwamba anayenakili hamnyang'anyi mtu kitu, kwa kuwa nakala ya kwanza inabaki palepale, ni dhaifu. Kinachochukuliwa ni ujira.

Lakini haki ya kupata ujira haihalalishi kila njia ya kuulinda. The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotolewa na kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft mwezi Desemba 2014, ulibuniwa kwa namna ambayo hata aliyecheza peke yake, bila kushindana na yeyote, alilazimika kuunganishwa na seva muda wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zilizimwa, na mchezo ukakoma kwa kila mtu, wakiwamo wale waliokuwa na diski mkononi. Baadaye leseni zenyewe zikaondolewa katika akaunti za wanunuzi. Jibu linalotolewa kwa kawaida katika kadhia za namna hii ni kwamba masharti ya leseni yalitaja uwezekano huo, na mnunuzi aliyakubali.

Jibu hilo halitoshi, na fiqhi ya mikataba, kama inavyofundishwa katika madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, inaonyesha sababu. Mafakihi hutofautisha bei, yaani mauzo yanayohamisha milki ya kitu chenyewe bila kikomo cha muda, na ijara, yaani ukodishaji unaohamisha manufaa peke yake huku kitu kikibaki cha mwenyewe. Na ijara ya nyumba, kwa mfano, haisihi mpaka muda wake ujulikane. Mkataba wa mchezo uliofungwa haukai upande wowote: fedha hulipwa mara moja kama katika mauzo, diski hukabidhiwa kama katika mauzo, lakini manufaa hukatwa siku atakayoichagua mwenye seva, siku ambayo mnunuzi hakuijua wala hakuweza kuijua alipolipa. Hiyo ndiyo gharari, utata unaomwacha mmoja wa wahusika gizani kuhusu anachopewa, na ridhaa inayotolewa gizani, kwa kubonyeza kitufe chini ya kurasa ambazo karibu hakuna anayezisoma, ni ridhaa pungufu. Kwa asiye Mwislamu hoja inasimama vilevile, kwa kuwa msingi wake ni uadilifu kati ya anayetoa na anayepokea.

Tena mzigo wa kufuli humwangukia asiye na kosa. SimCity ya Electronic Arts ilipotoka Machi 2013 ikidai intaneti muda wote, seva zilielemewa, na waliolipa ndio waliofungiwa nje. Mwaka mmoja baadaye mchezo huohuo uliruhusiwa kuchezwa bila intaneti. Kwa mchezaji wa Kigoma anayenunua bando kwa kipimo, sharti kama hilo ni gharama isiyokoma juu ya ile aliyokwisha kulipa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali ilikwenda mbali zaidi, ikalifanya tendo la kuvunja kufuli kuwa kosa lenyewe, isipokuwa kwa misamaha maalumu, na hapo ulinzi ukaipita haki inayolindwa, kwa sababu hakimiliki hufikia ukomo na kazi ikawa ya umma, ilhali kufuli halina tarehe ya kujifungua.

Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, hukataa programu miliki zote, michezo ikiwamo, ingawa huitenganisha sanaa ya mchezo na programu inayouendesha. Katazo lake ni pana mno, kwa kuwa mtunzi anayeficha msimbo lakini akamwachia mnunuzi nakala inayofanya kazi daima hajamdhulumu. Utenganisho wake, hata hivyo, una faida kubwa. Kampuni ya id Software ilitoa hadharani msimbo wa Doom mwezi Desemba 1997, miaka minne baada ya mchezo kutoka, ikabaki na hakimiliki ya picha na viwanja vyake, na Doom inaendelea kuuzwa na kuchezwa hadi leo katika mashine ambazo hazikuwapo ulipotungwa.

Tangu 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California humtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja wazi kwamba anachopata ni leseni tu, na mwezi Julai 2025 ombi la raia wa Umoja wa Ulaya la kuzuia michezo iliyouzwa isiuawe lilivuka saini milioni 1. Kumweleza mnunuzi ni hatua njema, lakini mkataba usio wa haki hauwi wa haki kwa kutangazwa. Kampuni inayotaka kukodisha na ikodishe, itaje muda na ujira wa muda huo. Na ile iliyouza, inapozima seva zake, inawiwa na wanunuzi toleo linaloweza kuchezwa bila seva hizo.