Deni la Herufi Kubwa

Tangazo la vita ni kitu cha haraka. Hubandikwa ukutani mahali pa kupita watu, nalo halina budi kufahamika kabla mpita njia hajageuza uso. Kwa sababu hiyo maneno yake huwa machache, herufi zake nene, na picha yake moja: kidole, ngao, mwenge au mnyama mkali. Ufupi huo si dhambi, maana mpiga mbiu hahutubii. Lakini swali la maadili lazuka papo hapo. Je, mwenye kuwaita watu waende wakafe ana haki ya kuficha nusu ya ukweli kwa kuwa karatasi yake ni ndogo?

Mfano mashuhuri ulichorwa na Alfred Leete huko London mwaka 1914. Lord Kitchener amnyoshea msomaji kidole, na herufi kubwa zamwambia kuwa anahitajiwa. Nguvu ya picha ile ni kwamba kila aitazamaye huona kuwa ameitwa yeye peke yake. Haikumwambia atapelekwa wapi. Mwezi wa Juni 1915 askari wa Uingereza, wakiwamo wa Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakatua Bukoba, wakabomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, na mji ukaporwa. Mkazi wa Bukoba hakupata kuliona tangazo lile, lakini sehemu ya gharama yake aliilipa yeye.

Vita vilipokwisha zilikuja herufi za aina nyingine. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu, yenye kuahidi kwamba jina la aliyekufa litakumbukwa na wanawe. Ahadi iliandikwa, majina mengi hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa wafu 116,000 kwa uchache, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba ile ilikuwa na sifa zote za tangazo bora: sababu, nia na uwezo, mambo matatu yaliyoshikika hata kwa asiyejua kusoma. Adui naye alipewa jina moja, nduli. Neno hili lastahili kupimwa. Lachora sura ya muuaji mkatili pasipo kalamu, lakini lamchora mtu mmoja na kuwaacha watu wake. Ng'ambo ya Mutukula wako watu ambao lugha zao ni jirani na Kihaya, na ambao wameoana na watu wa Kagera. Lau wito ungemtaja Mganda mahali pa nduli, ungewaita vijana wakawachukie wajomba zao.

Hata hivyo neno jema halina mikono. Februari 1979 mji wa Masaka ulipotekwa, ulibomolewa kwa kulipiza kisasi cha mambo yaliyotendwa Kagera. Wito waweza kuielekeza hasira pa kuanzia. Hauwezi peke yake kuiambia pa kukomea.

Wako watakaojibu kwamba nyumba ikiungua hakuna achaguaye maneno ya kupigia ukelele. Hoja hii ina uzito, kwa maana Kagera iliungua kweli. Lakini moto ukiisha kuzimwa, mpiga ukelele huulizwa aliwaita watu kwa maneno gani, na waliokuja wakaungua wamehesabiwa na nani.

Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari waliokufa katika vita vile. Tangazo la haki ni lile ambalo mwandishi wake angethubutu kulisoma kwa sauti mbele ya makaburi hayo, na kisha mbele ya watu wa Masaka, asibadili neno.